Joto la chumba, chumba gani?

Maelekezo ya kutunza chembe sahani za damu, zile zinazoziba mshipa uliochanika, mara nyingi hufupishwa kwa maneno matatu: "joto la chumba". Maneno hayo ni mtego. Chumba cha Moshi mwezi Februari saa nane mchana, bati likiwa limeshawaka, hupita nyuzi 30 kirahisi. Chumba cha Arusha alfajiri ya Julai, nje ikiwa nyuzi 12 au 13, kinaweza kushuka chini ya 18 na wala hakuna aliyeacha dirisha wazi. Vyote ni vyumba, na vyote vitaharibu ulichoweka humo. Chembe sahani zinataka nyuzi 20 hadi 24 za Selsiasi, usiku na mchana, zikitikiswa polepole, kwa siku tano. Hicho ni kiwango cha kusoma kwenye kipimajoto. Ngozi ya mtu wa zamu haiwezi kukitambua.

Nawaandikia wenzetu wa maabara na wauguzi wa wodini huku kaskazini, kwa sababu mfuko ulioharibika wa chembe sahani haupigi kelele. Rangi inabaki ileile ya njano, dripu inashuka vizuri, mgonjwa hana neno. Kesho yake hesabu ya chembe sahani zake iko palepale. Daktari anaagiza mfuko mwingine, na mwingine tena, mpaka watu waanze kusema mgonjwa huyu "hazimkai", kumbe aliyezikosesha makao ni sisi.

Jina lenyewe limebeba somo. Chembe sahani ikiwa nzima ni bapa kweli kama sahani, upana wake mikroni mbili au tatu. Mtu mzima mwenye afya ana bilioni 150 hadi 400 katika kila lita ya damu, na kila moja huishi siku nane hadi kumi. Ikikutana na mshipa uliochanika inaacha umbo la sahani, inakuwa duara lenye miiba, inamwaga vijifuko ilivyobeba ndani, inanata kwa wenzake na kuziba tundu. Imeumbwa iamke kwa kuguswa kidogo tu. Sisi tunataka ilale siku tano ndani ya plastiki. Sindano iliyotafuta mshipa kwa muda mrefu, baridi, asidi, kukosa oksijeni, kubanwa kwenye mashine: kila kimoja kinaiambia kwamba kuna jeraha mahali. Ikishaamka ikamaliza silaha zake ndani ya mfuko, haina nyingine ya kumpelekea mgonjwa.

Kwa nini tusiziweke kwenye friji kama damu nyekundu? Zamani ziliwekwa. Mwaka 1969 Murphy na Gardner, huko Marekani, walionyesha kwamba chembe sahani zilizokaa nyuzi 4 hudumu muda mfupi sana mwilini zikishaongezwa, na zile za nyuzi 22 hudumu siku nyingi zaidi. Sababu yake ilieleweka vizuri baadaye. Zikipoa, sahani inakuwa duara, na protini fulani za juu ya ngozi yake, zile zinazoisaidia kunata kwenye mshipa, zinajikusanya mafungu mafungu. Ini linayaona mafungu hayo kama alama ya takataka na kuzifagia. Chini ya nyuzi 20 mambo huanza kwenda mrama, chini ya 15 yanakwenda mbio. Kuzipasha joto tena hakusaidii. Mfuko uliolala kwenye friji ya wodi kwa sababu muuguzi alidhani "damu ni damu" hautafufuka ukiuweka mezani saa mbili.

Kwa haki, baridi haijafutwa kabisa. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa mwongozo unaoruhusu chembe sahani zilizotunzwa nyuzi 1 hadi 6, mpaka siku 14, kwa mgonjwa anayevuja damu pale ambapo za kawaida hazipatikani au kuzitumia haiwezekani. Mantiki yake ni nzuri: mama anayevuja damu baada ya kujifungua anahitaji chembe zinazonata sasa hivi, na zilizopoa hunata haraka kwa sababu zimeshaamka nusu. Hata ini likizifagia kesho, kazi imeshafanyika. Mtoto mwenye saratani ya damu ambaye hesabu yake ni bilioni 8 kwa lita na havuji popote ni jambo jingine. Yeye anahitaji chembe zitakazobaki zikizunguka mwilini mwake mpaka uboho uamke. Kwa huyo friji ni hasara tupu. Kwangu mimi, uhifadhi wa baridi ni jambo la kuangaliwa kwa makini katika hospitali zilizo mbali na kituo cha damu, ila lifanywe kwa utaratibu ulioandikwa na lebo yake. Kusahau mfuko kwenye friji si utaratibu.

Sasa turudi mwanzo wa safari, maana ubora mwingi hupotea kabla mfuko haujafika kwenye rafu.

Mchangiaji aulizwe kuhusu aspirini. Aliyemeza ndani ya saa 48 damu yake nyekundu ni nzuri, lakini chembe sahani zake zimefungwa na hazitafunguka. Wakati wa kutoa, uniti ya mililita 450 ijae ndani ya dakika 10 hivi. Ikizidi dakika 15 iandike alama na usiitengenezee chembe sahani, kwa sababu damu iliyotiririka kwa kusuasua imeshaanza kuganda kwa siri. Mfuko utikiswe taratibu muda wote ili damu ikutane na dawa ya kuzuia kuganda. Matone ya mwanzo, mililita 30 hivi, yaende kwenye kijifuko cha pembeni kama mfuko wenu unacho: humo ndimo kinaingia kipande cha ngozi kilichokatwa na sindano pamoja na bakteria wake. Kijifuko hicho kinafaa kuchukulia sampuli za vipimo, kwa hiyo hakuna kinachopotea.

Halafu linakuja kosa ambalo timu za kukusanya damu mashuleni hulifanya kwa nia njema kabisa: damu yote inatupwa kwenye deli la barafu. Damu inayokusudiwa kutoa chembe sahani isiguse barafu. Ipozwe kutoka joto la mwili hadi nyuzi 22 na ibaki hapo. Viko vibao maalumu vya kupoozea vyenye butanedioli ndani yake, kitu kinachoganda na kuyeyuka karibu na nyuzi 20, na mfuko ukilazwa juu yake hushuka joto vizuri na kukaa hapo. Huna vibao? Basi chagua kituo cha karibu, damu hiyo irudi mapema, na zile za mbali zibaki kwa ajili ya chembe nyekundu.

Kwa njia ya kutenganisha plazma kwanza, ambayo ndiyo inayoelezwa hapa, una muda wa saa nane tu tangu damu itoke. Mchangiaji wa saa tatu asubuhi Arusha, mfuko wake lazima uwe umezungushwa kabla ya saa kumi na moja jioni Moshi, ambako ndiko kiliko kituo cha damu salama cha kanda ya kaskazini. Barabara ni kilomita 80 hivi, lakini anayeijua Tengeru na Usa River jioni anajua kwamba kilomita hazisemi ukweli wote. Panga gari liondoke saa saba.

Kwenye mashine ya kuzungushia, mambo mawili huharibu kazi kuliko mengine. La kwanza ni joto. Mashine ileile hutumika kuzungusha damu kwa ajili ya plazma ya kugandisha, ikiwa nyuzi 4. Mtu anabadilisha kitufe kiwe 22, anapakia mifuko, anawasha. Namba kwenye kioo inasoma 22 lakini vikombe vya chuma bado ni baridi kama mtungi. Izungushe tupu kwanza, kisha gusa vikombe kwa mkono, au bora zaidi, weka kipimajoto ndani.

La pili ni kunakili mizunguko kwa dakika kutoka hospitali nyingine. Kinachotenganisha damu ni nguvu inayopimwa kwa g, yaani mara ngapi ya mvutano wa dunia, na g inategemea urefu wa mkono wa mashine yako. Chukua 0.00001118, zidisha kwa rediasi ya sentimita, zidisha kwa mizunguko kwa dakika kipeo cha pili. Mashine ya sentimita 25 ikienda mizunguko 2,700 inatoa takriban g 2,040. Ya sentimita 20 kwa mizunguko ileile inatoa g 1,630 tu, na ili ilingane na mwenzake lazima ipande hadi karibu 3,020. Pima rediasi kutoka katikati ya mhimili hadi chini ya kikombe kikiwa kimelala, bandika jibu kwenye mfuniko wa mashine, mjadala uishe.

Mzunguko wa kwanza ni mwepesi: g 2,000 hivi kwa dakika tatu. Chembe nyekundu zinashuka, chembe sahani zinabaki zikielea kwenye plazma. Vikombe vinavyotazamana vipimwe kwenye mizani vilingane, na breki ya mashine iwe laini, la sivyo mpaka ulioupata unavurugika sekunde za mwisho. Toa mfuko kama unavyobeba bakuli la uji uliojaa hadi ukingoni. Kwenye kikamulio, kifaa cha kubania mfuko, sukuma plazma kwenda mfuko wa pili na ufunge mrija ukiwa umebakiza sentimita moja na kitu juu ya tabaka jekundu. Ukiwa mchoyo ukakamua mpaka tone la mwisho, unaingiza chembe nyekundu na mfuko unakuwa wa pinki. Huo unahitaji uangalizi zaidi akipewa binti au mwanamke asiye na Rh (mwenye kundi la damu hasi) ambaye bado atazaa, kwa sababu mwili wake unaweza kujifunza kuzichukia.

Mzunguko wa pili ni mzito, g 5,000 kwa dakika tano. Sasa chembe sahani zinakuwa kitufe chini ya mfuko, na plazma ya juu inakamuliwa kwenda mfuko wa tatu, ukibakiza mililita 50 hadi 60. Hapa mkono unawasha: kitufe kinaonekana kimeganda na mtu anataka kukifikicha. Usikiguse. Laza mfuko lebo ikiwa chini, nyuzi 20 hadi 24, uuache utulie kwa saa nzima. Chembe zilizosukumwa pamoja kwa nguvu ile zinahitaji muda wa kuachiana zenyewe. Ukizilazimisha zinabaki na madonge meupe ambayo hayayeyuki tena. Baada ya saa hiyo ndipo mfuko upande kwenye mashine ya kutikisa.

Sasa kuhusu mfuko wenyewe. Chembe sahani zinapumua. Zinatumia oksijeni kuchoma chakula zilichonacho kwenye plazma, na kutoa kaboni dioksidi. Plastiki yake imetengenezwa kupitisha hewa hizo mbili. Kwenye mifuko mitatu iliyounganishwa, ule wa chembe sahani ni mmoja tu, na mara nyingi umeandikwa. Wa plazma unaweza kuonekana pacha wake lakini haupumui vizuri. Oksijeni ikipungua, chembe zinahamia njia ya dharura ya kuvunja glukosi, na mabaki yake ni asidi ya laktiki. Bikabonati iliyo kwenye plazma inaimeza asidi hiyo kwa muda. Ikiisha, pH, yaani kipimo cha uasidi ambacho hushuka asidi ikizidi, inaporomoka. Kiwango cha Marekani kinataka pH isipungue 6.2 hadi siku ya mwisho, Ulaya wanataka 6.4. Chini ya hapo sahani zinakuwa mipira na hazirudi.

Ukilielewa hilo, makosa mengi ya rafuni yanajieleza yenyewe. Kubakiza mililita 30 za plazma badala ya 50 ni kupunguza bikabonati. Mfuko wenye chembe nyingi kupita kawaida, ambao kila mtu anaufurahia, ndio wa kwanza kuchacha. Kurundika mifuko miwili miwili kwenye trei ni kuinyima hewa ya chini. Kubandika lebo kubwa ya pili, stika ya kundi, na karatasi ya plasta yenye jina la mgonjwa kote kote ni kuziba pua. Kuuingiza kwenye mfuko wa nailoni "ili usichafuke" ni hivyohivyo.

Kutikisa kunasaidia hewa hiyo hiyo isambae. Trei za kwenda na kurudi, mara 60 hadi 70 kwa dakika, ndizo za kawaida. Mfuko ukitulia muda mrefu, chembe hujilundika chini, zile za katikati zinakosa oksijeni na kuanza kutoa asidi. Lakini tusitiane hofu isiyo na sababu: jumla ya saa 24 bila kutikiswa, katika maisha yote ya mfuko, inavumilika. Umeme ukikatika, adui wa kwanza ni joto, kutulia kwa trei kunafuata baadaye sana. Funga mlango wa inkubeta, lile kabati la joto lenye trei, uache umefungwa, andika saa umeme ulipokatika, soma kipimajoto kila nusu saa. Jenereta ikichelewa na joto linakaribia 24 kwa juu au 20 kwa chini, hamishia mifuko kwenye deli lililoandaliwa. Kila nusu saa igeuze kwa mkono, mmoja mmoja. Umeme ukirudi, jumlisha saa zilizopotea na uziandike kwenye rejista, kwa kuwa kesho kuna safari, na safari nayo inahesabiwa.

Kuhusu safari. Deli la chembe sahani lilale wazi ndani ya chumba cha nyuzi 22 tangu jana yake, pamoja na vifurushi vya jeli vilivyokaa joto hilohilo, bila kuganda. Mifuko ilazwe bapa, vifurushi juu na chini, na kifaa cha kurekodi joto katikati ya mifuko, kisiwe kimebandikwa kwenye mfuniko. Kosa linalojirudia ni la deli moja: hospitali imeagiza chembe nyekundu sita na chembe sahani tano, dereva ana deli moja lenye barafu, na mtu anafunika barafu kwa gazeti. Gazeti halizuii nyuzi 4. Ziwe deli mbili, na la chembe sahani liandikwe kwa maandishi makubwa HAKUNA BARAFU, HAKUNA FRIJI, kwa sababu atakayelipokea huenda ni mgeni wa zamu. Lisikae pia kiti cha mbele dirishani. Jua la Boma Ng'ombe kupitia kioo linapasha deli jeupe haraka kuliko unavyofikiri.

Kwenye rafu, siku huhesabiwa tangu damu itoke: siku hiyo ni sifuri, na mfuko unakufa usiku wa manane wa siku ya tano. Iliyotolewa Jumatatu mwisho wake ni Jumamosi saa sita usiku. Ukitoa siku za vipimo vya maambukizi, zinazobaki ni tatu au nne. Ndiyo maana anayepanga ratiba ya kukusanya damu bila kumuuliza mtu wa wodi ya saratani siku za dawa zao, atamwaga mifuko Jumapili na kuitafuta Jumatano.

Kwa nini tano na si saba, ilhali plastiki za kisasa zinaweza? Bakteria. Marekani waliruhusu siku saba mwaka 1984, wakarudi tano mwaka 1986 kwa sababu ya maambukizi. Nyuzi 22 zinazowafaa chembe sahani zinawafaa pia bakteria wa ngozi. Vichache vilivyoingia siku ya kwanza, siku ya nne vimekuwa mamilioni, na damu nyekundu iliyotoka kwenye mkono uleule iko salama kwenye friji. Nchi zinazotumia siku saba hupima bakteria kwa utaratibu au huwaua kwa dawa na mwanga. Bila hayo, ulinzi wako ni kusugua ngozi ya mchangiaji kwa klorheksidini yenye spiriti kwa sekunde 30, kuiacha ikauke yenyewe kabisa, na kutoigusa tena. Kidole kinachorudi kutafuta mshipa baada ya kusafisha kimefuta kazi yote.

Kabla mfuko haujatoka, utazame. Unyanyue mbele ya taa ya mrija, uuinamishe taratibu, ubonyeze kidogo kwa kidole gumba. Mfuko mzuri unaonyesha mawimbi yanayong'aa yakijizungusha, kama kundi la dagaa wanapogeuka wote kwa pamoja chini ya karabai. Sahani bapa zinajipanga na kurusha mwanga. Zikishakuwa mipira hazina upande wa kung'aa, na mfuko unakuwa na ukungu uliolala, sare, kama maji ya kuoshea mchele. Huo usitoke. Tazama pia madonge, rangi ya kijivu isiyo ya kawaida, mapovu, na mfuko uliovimba. Kipimo hiki hakigharimu senti, kinachukua sekunde kumi, na ninashangaa ni kwa kiasi gani kinarukwa. Kina mipaka yake: kinakataa mfuko mbovu sana, lakini mfuko wa wastani na mzuri sana vinaweza kufanana, na mawimbi hayakwambii kama kuna bakteria.

Kwa hiyo kila mwezi angalau mifuko minne ipimwe hesabu, ujazo na pH siku ya mwisho wake. Kabla ya kuchukua sampuli, kamua mrija urudishe kilichomo mfukoni, changanya, acha mrija ujae upya, rudia mara tatu. Usipofanya hivyo unapima yaliyolala mrijani tangu jana. Mashine za hesabu za kawaida huchanganyikiwa na namba kubwa, kwa hiyo punguza makali kwanza kisha uzidishe. Hesabu yake ni hivi: bilioni 1,100 kwa lita, mfuko una mililita 55, zidisha 1,100 kwa 0.055, unapata bilioni 60.5. Umefaulu: Marekani wanataka angalau bilioni 55 kwa uniti moja, Ulaya 60. Mfuko wenye ukali uleule lakini mililita 45 una bilioni 49.5, umeanguka, na ukiutazama kwa macho huutofautishi na wa kwanza. Ukiona mifuko mingi inaanguka wiki moja, anza na mashine ya kuzungushia kabla hujamlaumu mtu.

Wodini, maagizo ni machache. Chembe sahani ziombwe mgonjwa akiwa tayari, mshipa umeshapatikana. Uniti nne hadi sita zikichanganywa kwa kufungua mifuko, saa zake ni nne tu tangu mchanganyiko. Tumia seti mpya yenye kichujio cha kawaida cha mikroni 170 hadi 200. Ile iliyopitisha damu nyekundu ina uchafu unaozinasa. Kwa mtu mzima ziishe ndani ya dakika 30 hadi 60. Zikichelewa, zibaki mezani penye kivuli, mbali na dirisha na mbali na friji.

Kisha pima matokeo, na upime mapema. Kila uniti moja humpandishia mtu mzima takriban bilioni 5 hadi 10 kwa lita. Aliyekuwa na 8 akapewa uniti tano anatarajiwa kuwa kwenye thelathini au zaidi. Chukua sampuli ndani ya saa moja baada ya dripu kwisha, kichupa cha kifuniko cha zambarau, kipinduliwe mara nane bila kutikiswa kwa nguvu, na ukiona namba ya ajabu tazama kioo cha darubini kama zimeshikana madonge. Chukua tena baada ya saa 24. Sampuli mbili hizo zinasema mambo mawili tofauti. Ikiwa hesabu ilipanda vizuri saa ya kwanza ikashuka kesho yake, mgonjwa anazitumia: homa, maambukizi ya damu, kuvuja, dawa. Ikiwa haikupanda tangu saa ya kwanza, sababu ni kingamwili zake, bandama kubwa, au mfuko wetu. Bandama ya kawaida inashikilia theluthi moja ya chembe sahani zote, na iliyovimba inaweza kumeza sehemu kubwa zaidi, jambo ambalo huku kwetu si geni. Kabla ya kumwandikia mgonjwa kwamba ana kingamwili, nenda kwenye rejista usome mfuko ulikuwa wa siku ya ngapi, ulisafiri na deli gani, na umeme ulikatika saa ngapi. Kama wagonjwa watatu tofauti hawakupanda wiki hiyohiyo, jibu liko maabara.

Na homa. Joto likipanda kwa nyuzi moja au zaidi hadi kufikia 38, wakati wa kuongezewa au ndani ya saa nne baadaye, simamisha dripu, mshipa uache wazi kwa maji ya chumvi. Mazoea yetu ni kufikiria malaria, kipimo cha haraka, na panadol. Pima malaria ukitaka, lakini kwanza funga mrija wa mfuko kwa fundo au kibanio, uingize na seti yake kwenye mfuko safi, na uurudishe maabara ukaoteshwe pamoja na damu ya mgonjwa iliyochukuliwa mkono wa pili. Antibayotiki isisubiri majibu kama shinikizo la damu linashuka au anatetemeka. Mfuko ulioingia kwenye ndoo ya taka za wodi umeondoka na ushahidi wote, pamoja na taarifa ambayo ingeokoa uniti nyekundu na plazma za mchangiaji huyohuyo kabla hazijampata mgonjwa wa pili.